Siku Iteka Alipokwama na Viti vya Ubatizo

Iteka Nduwimana alipata leseni ya kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya kuanguka mtihani mara mbili, na ukoo mzima wa mume wake ulizikumbuka zile mara mbili kuliko ile ya tatu aliyofaulu.

Kazi yake ilikuwa kukodisha viti. Alikuwa na viti vyeupe vya plastiki mia moja na ishirini, mahema mawili, meza za kukunja, na zulia jekundu la mita kumi na tano la kupitia maharusi. Mrundi mwenzake au Mkongomani akiozesha, akibatiza au akifiwa, kuanzia mjini Durban hadi Isipingo, simu ilipigwa kwa Mama Viti. Alikuwa amefika mjini humo akiwa msichana, kutoka Burundi, baada ya utoto wa kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, alikojifunzia Kiswahili chake. Miaka tisa alisuka nywele kibarazani West Street, amesimama, mpaka mgongo ukamkataa. Katika kila sherehe aliyoalikwa miaka hiyo aliona jambo lilelile: wazee wamekaa juu ya kreti za soda, akina mama wameegemea ukuta na watoto mgongoni. Akanunua viti ishirini. Halafu arobaini. Ndivyo ilivyoanza.

Mwanzoni aliyembebea viti alikuwa shemeji yake, Arnaud, mdogo wa mume wake, ambaye alikuwa dereva wa kuhamisha watu nyumba na mwenye maneno mengi kuliko mafuta kwenye tangi. Arnaud alikuja alipotaka. Siku ya harusi moja kule Umbilo alifika na viti wakati wageni wamekwisha kula wali wamesimama, sahani mkononi, na bibi harusi analia chooni. Jumatatu yake Iteka alikwenda kujiandikisha shule ya udereva, na alipofaulu akanunua gari lake mwenyewe la mizigo, dogo, jeupe, la zamani, la aina ambayo kila mtu huku anaiita bakkie.

"Gari ya mizigo si kabati la nguo, shemeji," Arnaud alimwambia alipoiona. "Ina ubishi. Siku itakukatalia, utanipigia."

Iteka alijiapiza kimoyomoyo kwamba siku hiyo haitafika.

Ilifika Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, yenye upepo.

Siku moja kabla, Jumapili, kanisa la Mchungaji Gustave lilikuwa na ubatizo kwenye mdomo wa mto mdogo unaoingia baharini kusini ya mji, ukishapita Isipingo. Iteka aliwapelekea viti sitini na hema moja, akavishusha kwenye lami, pale magari yanapoegeshwa, wao wakavibeba wenyewe kwenda mchangani. Makubaliano yalikuwa kwamba watavirudisha palepale kwenye lami. Jumatatu asubuhi alipofika, saa tatu hivi, eneo lote la kuegesha lilikuwa tupu. Hakuna kiti hata kimoja.

Akasikiliza ujumbe wa sauti ambao Mchungaji alikuwa amemtumia usiku.

"Dada Iteka, bonsoir. Viti biko bien kabisa, tulibipanga chini ya miti, pale karibu na maji. Watu walikuwa wamechoka, tukasema tubiache tu pale. Gari inafika mpaka pale, pas de problème. Mungu akubariki sana."

Aliusikiliza mara mbili, kana kwamba mara ya pili Mchungaji angesema kitu kingine. Halafu akashuka kutazama. Njia ya mchanga ilipita chini ya daraja la reli, ikakunja kushoto, na huko mwisho, mwendo wa mita mia mbili hivi, aliviona viti vyake vimepangwa minara minara chini ya vichaka. Pembeni ya njia palikuwa na kibao chenye picha ya gari iliyopigwa mstari mwekundu. Mnyororo wa kuzuia njia ulikuwa umelala chini, sijui tangu lini.

Viti sitini, na hema lenye vyuma vyake. Akivibeba vinnevinne ni safari kumi na tano kwenda na kurudi mchangani, bila hema. Na saa saba mchana viti hivyohivyo vilitakiwa Umbilo kwa Mama Laetitia, aliyefiwa na dada yake. Watu wa kumuaga marehemu walikuwa wamekuja kutoka mbali, hata kutoka Johannesburg. Sitini vilivyobaki vilikuwa Pietermaritzburg kwenye harusi, vingerudi Jumanne. Iteka akautazama mchanga. Chini ya daraja ulikuwa na unyevu, mgumu, una alama za matairi ya mtu mwingine. Akakitazama kile kibao.

"Dakika kumi tu," akasema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Gari lilikwenda vizuri mpaka kwenye kona. Baada ya kona mchanga ukabadilika rangi, ukawa mweupe, mkavu, na usukani ukawa mzito mikononi kama mtu anaukamata kwa upande wa pili. Iteka alihisi. Baadaye alikiri kwa mume wake kwamba alihisi. Lakini viti vilikuwa palepale mbele yake, basi akaendelea, akageuza gari taratibu, akaliegesha mkia ukiangalia viti na pua ikiangalia daraja, akashuka akiwa amejiridhisha.

Alipakia peke yake dakika arobaini. Viti kwanza, vinane vinane, halafu vyuma vya hema, halafu turubai ambalo lilikuwa limelala na umande na uzito wake ulikuwa wa mtu mzima. Zulia jekundu lilikuwa garini tangu wiki iliyopita. Akafunga kamba. Akanywa maji. Saa nne na robo akawasha gari, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi.

Bakkie ikanguruma, ikakaa pale pale. Tairi za nyuma zikazunguka. Gari likashuka kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri kwenye kochi.

Akatia gia ya nyuma. Likashuka tena.

Akashuka kutazama. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yameingia mpaka nusu. Upepo ulimpiga mchanga usoni, ukamwingia mdomoni. Akatema. Akachuchumaa akafukua kwa mikono mbele ya tairi la kulia, akaenda la kushoto, na aliporudi kulia shimo lilikuwa limekwisha kujaa. Mchanga ulikuwa unateremka wenyewe, taratibu, kama unga kwenye gunia. Alifukua mara tatu. Mara ya nne alisimama akaupiga teke, na kiatu kikabaki humo.

Akampigia mume wake. Pontien alifanya kazi ghala moja la Mobeni ambako simu zinafungiwa kabatini mpaka mapumziko. Iteka aliijua sheria hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, lakini alipiga hata hivyo, ikalia mpaka ikakata.

Gari la kuvuta hakutaka kuliita. Gari la kuvuta lingekuja na maswali, pengine lingekuja na askari wa manispaa, na kile kibao kilikuwa palepale na mstari wake mwekundu. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa kwenye pochi, halali, lakini hakupenda kuitoa mbele ya mtu aliyevaa sare wakati yeye mwenyewe ndiye mwenye kosa.

Ng'ambo ya mto, mbali, mtu alikuwa amesimama na fimbo ya kuvulia. Iteka akapanda juu ya bampa akampungia mikono miwili. Yule mtu akatazama, akainua mkono naye, akamsalimia kwa furaha, akarudi kwenye ndoano yake. Akapunga tena. Akasalimiwa tena.

Basi akampigia Arnaud.

"Shemeji," Arnaud akasema, na sauti yake ilikuwa tayari inacheka kabla hajaambiwa kitu. "Kuna nini?"

"Gari limekwama kwenye mchanga."

"Mchanga gani?"

"Wa baharini. Uko wapi?"

"Mimi niko Morningside, nashusha friji ghorofa ya tatu, sitoki huku kabla ya saa tisa. Eish, shemeji. Nilisema mimi. Nani alikutuma kuingiza gari baharini?"

"Arnaud, niambie la kufanya, au kata simu."

Arnaud akakohoa, sauti ikawa ya kidereva. "Sawa. Sikiliza. Kanyaga. Wewe tatizo lako unaendesha kama unaogopa kumwamsha mtoto. Mchanga unataka nguvu. Tia ya kwanza, kanyaga mpaka chini, lisukesuke mbele na nyuma. Litatoka lenyewe. Likikataa, weka majani chini ya tairi, ukanyage."

Iteka akakanyaga. Mchanga ukaruka nyuma ya gari juu kuliko paa, harufu ya mpira ikajaa, na lile gari likazama kwa kishindo kidogo cha tumbo kugusa chini. Akavunja matawi ya vichaka, yakamchana mikono, akayapanga chini ya matairi, akakanyaga. Matawi yakatoka nyuma yamesagika kama mchicha. Akampigia tena.

"Limezama zaidi."

"Hukukanyaga vizuri."

"Nimekanyaga mpaka moshi."

"Basi hukukanyaga kwa wakati," Arnaud akasema. "Kuna wakati wake. Ni kitu cha kuhisi, siwezi kukufundisha kwenye simu."

Iteka akakata. Alibaki ameishika ile simu kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa juu ya Arnaud peke yake. Ilikuwa juu ya Mchungaji na baraka zake, juu ya vile viti, juu ya yule mvuvi mwenye salamu, na zaidi ya yote ilikuwa juu yake yeye mwenyewe, kwa zile dakika kumi.

Saa tano kasoro treni ilipita juu ya daraja. Watu dirishani wakamtazama: mwanamke mmoja, kiatu kimoja, na bakkie imejaa viti mlima mzima katikati ya mchanga. Mmoja alipiga picha. Iteka aliona wazi mkono ukiinua simu.

Akafungua jeki. Akaiweka chini ya gari, akaizungusha, na jeki ikaingia mchangani kama kijiko kwenye uji huku gari halijasogea hata unywele. Akaichomoa. Akalitoa zulia jekundu, lile la maharusi, alilolisafisha kwa mkono kila baada ya harusi, akalitazama. Akalikunja mara mbili, akalisukuma chini ya tairi la kulia mpaka lilipokataa kuingia. Akakanyaga. Tairi likalishika zulia, likalimeza, likalitupa nyuma, na ncha moja ikajiviringisha kwenye ekseli. Ilimchukua robo saa akiwa amelala kifudifudi kulikata kwa kisu cha kukatia kamba. Alipotoka chini ya gari alikuwa na mchanga kwenye nywele, kwenye kope, ndani ya blauzi. Zulia lilikuwa vipande viwili.

Hapo ndipo alipokaa chini akalia. Hakulia sana. Kilikuwa kilio cha kuchoka, cha dakika mbili, na kilipokwisha alijifuta kwa kitenge na mchanga wa kitenge ukamwingia jichoni.

Saa tano na nusu. Mama Laetitia alikuwa amepiga mara moja. Iteka akampigia.

"Mama, nisamehe. Gari limenisumbua, ninashughulika nalo. Nitafika, ila sijui kama ni saa saba."

"Iteka," Mama Laetitia akasema polepole, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. "Kuja tu. Hawa wazee nitawakalisha kwenye vitanda." Akakata bila kulaumu, na huko kutolaumu kulimuuma Iteka kuliko kelele.

Akafanya alilokuwa analikimbia tangu mwanzo. Akafungua kamba akaanza kushusha. Vyote sitini, na hema, na vyuma vyake, vyote alivyovipakia kwa dakika arobaini. Safari hii hakuvirudisha chini ya vichaka. Kama ni kuvibeba, heri avibebe kuelekea daraja, kwenye mchanga mgumu, ili akitoka avikute huko. Akavua na kile kiatu kimoja kilichobaki. Vilikuwa viatu vya kisigino kifupi, vya kwendea msibani, kwa sababu alipanga kutoka hapa aende moja kwa moja.

Kwenye safari ya kwanza, na viti vinne kichwani, alitembea kwa kuharakisha, akikanyagia vidole, na kila hatua ilizama mpaka kifundo. Alipumua kama mtu anayepanda ngazi. Safari ya tatu alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kuharakisha. Akawa anaburuta miguu, anaweka unyayo mzima chini, bapa, kama bata. Hakuzama. Alifika darajani kabla hajatambua. Akarudi akitazama nyayo zake. Zile za mwanzo zilikuwa mashimo. Karibu na gari palikuwa na alama za viatu vyake vya asubuhi, na pale kilipokanyaga kisigino palikuwa na tundu ambamo ungeweza kupanda mbegu ya mahindi. Hizi za sasa zilikuwa zimelala juu ya mchanga, pana, hazina kina.

Akasimama mbele ya bakkie, akalitazama tairi.

Jumamosi, kabla ya kupeleka viti, alikuwa amepita kwa Ezekieli, Mtanzania anayeziba pancha kule Jacobs, akamwambia ajaze upepo sawasawa maana mzigo ni mkubwa. Ezekieli alijaza. Tairi lilikuwa gumu kama jiwe. Ukiligonga kwa ngumi lilikuumiza wewe. Lilikuwa linagusa chini kwa kipande chembamba tu, hapo katikati, kama kisigino. Na yeye asubuhi nzima alikuwa anakizungusha kisigino hicho mahali pamoja, na kushangaa kwamba kinachimba.

Hakuwa na hakika. Hakuwahi kuambiwa na mtu. Kwenye shule ya udereva walimfundisha kuegesha kati ya mapipa mawili na kusimama kwenye robot, zile taa za barabarani, basi. Na akitoa upepo na asitoke, atakuwa amekwama mchangani na matairi laini juu ya hayo, na Arnaud atakuwa na hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni. Akafikiri kumpigia amuulize. Akairudisha simu mfukoni.

Alimaliza kwanza kushusha na kubeba vyote mpaka darajani. Halafu akachuchumaa kwenye tairi la kulia la nyuma, akafungua kifuniko cha pale panapojaziwa upepo, akabonyeza kile kichuma cha katikati kwa ncha ya ufunguo. Upepo ukatoka kwa mluzi mkali. Akauacha utoke, anahesabu, anatazama ubavu wa tairi. Ulipoanza kufura pembeni, kama shavu la mtu mwenye chakula mdomoni, akaachia. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Vidole vilimuuma kwa baridi ya ule upepo.

Halafu akafukua, na safari hii alifukua kwa akili. Wamama wa kanisa walikuwa wamesahau beseni moja la plastiki kwenye vichaka; akachotea hilo. Hakufukua shimo mbele ya tairi kama asubuhi; alilitengenezea mteremko mrefu, mpana, wa kupandia polepole, na mchanga aliutupa mbali ili usirudi. Akalala tena kifudifudi akautoa mchanga uliolishika gari tumboni, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka alipoona mwanga wa upande wa pili. Vile vipande viwili vya zulia akavitandika kwenye miteremko, pande mbili, na ncha zake akazifukia ndani sana. Zulia lilikuwa limekwisha kufa, basi lifanye kazi.

Ilikuwa saa saba na dakika tano alipokaa kwenye usukani. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika Umbilo.

Akatia gia ya pili badala ya ya kwanza, ili gari lisipate nguvu ya kujichimbia. Akaachia klachi taratibu kabisa. Aliendesha hasa kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Gari likatetemeka. Likakaribia kuzima. Iteka akaongeza mafuta kidogo sana, na akahisi mkia wa gari unainuka, unasita, unainuka tena, na mchanga unapita chini yake kwa sauti ya kusugua. Hakubadilisha kitu. Hakupumua. Gari likatoka shimoni likatembea juu ya ule mchanga mweupe, zito, linayumba, lakini linatembea, na yeye hakulisimamisha kwenye viti wala popote mpaka alipopita chini ya daraja na kuhisi lami chini ya matairi yake malegevu.

Akazima gari. Akaketi. Alidhani atafurahi. Alichohisi ni kwamba sasa viti sitini viko mita themanini nyuma yake, na yeye hatarudisha gari mchangani hata kwa bunduki, kwa hiyo ni kubeba tena. Akashuka. Akabeba. Vinne vinne, kwa unyayo mzima, safari kumi na tano. Vyuma vya hema safari mbili. Turubai aliliburuta kwa kamba akilitukana kwa Kirundi kila mita moja.

Alikwenda Jacobs kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, taa za hadhari zinawaka, malori ya viwandani yanampigia honi nyuma. Ezekieli alitoka kwenye kontena lake akifuta mikono, akayatazama matairi, akamtazama na yeye, miguu mitupu, nywele nyeupe kwa mchanga.

"Dada, hizi umetoka nazo wapi hivi?"

"Baharini."

"Zimepasuka?"

"Nilizitoa upepo mwenyewe. Nilikwama kwenye mchanga."

Ezekieli akainama, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kukubali. "Umefanya sawasawa. Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia," Iteka akasema. "Jaza haraka, Ezekieli, kuna watu wamesimama msibani."

Alifika Umbilo saa tisa kasoro. Mchungaji wa msiba alikuwa ameshamaliza kuhubiri. Wazee walikuwa wamekaa juu ya vitanda vilivyotolewa uani, wanawake kwenye ngazi, vijana wamesimama ukutani, jambo lilelile lililomfanya anunue viti ishirini miaka ile. Wanaume wanne wakaja kushusha bila kuambiwa. Viti vilikuwa na mchanga, na Iteka alivifuta kimoja kimoja kwa kitenge chake, akiomba radhi kwa kila aliyekaa. Mama Laetitia alitoka ndani, akavuta kimoja kabla hakijafutwa, akakaa, akafumba macho. Baada ya muda akamshika Iteka mkono. "Kula kwanza," akamwambia. "Uso wako ni wa mgonjwa."

Iteka akala, amesimama.

Jioni alipokuwa bafuni anatoa mchanga masikioni, simu ya mume wake ililia sebuleni, na aliisikia sauti ya Arnaud hata kabla Pontien hajaweka spika.

"Kaka, shemeji alitoka?"

"Alitoka."

"Unaona? Nilimwambia akanyage."

Pontien alikuwa ameshasimuliwa yote, kuanzia kibao mpaka zulia, na hakuwa mtu wa kupenda ugomvi. "Alikanyaga kidogo sana," akasema. "Nakutakia usiku mwema, Arnaud."

Iteka aliegemea ukuta wa bafu. Alitaka kutoka ampokonye ile simu, aseme yote kwa mpangilio, saa kwa saa. Lakini aliacha maji yamwagike tu kichwani, na mchanga uliendelea kushuka, na hakukuwa na dalili ya kwisha.

Mchungaji Gustave alipiga Jumatano. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu ambaye Jumapili yake ilikwenda vizuri.

"Dada Iteka, tuko na ubatizo ingine mwezi ujao. Tunaomba viti makumi mane, na ile hema. Palepale."

"Viti vitaishia kwenye lami, Mchungaji. Na vitarudi kwenye lami, siku ileile, kabla hamjaondoka. Nitakuwa nimesimama hapo nikivihesabu."

"Mais, dada, kutoka kwenye maji mpaka kwenye lami iko mbali. Wamama watachoka."

"Basi na wababa wabebe," Iteka akasema. "Mimi nimebeba vyote sitini mara tatu kwa siku moja, Mchungaji, na ile gari uliyosema inafika, haifiki. Na zulia langu la maharusi liko huko kwenye mchanga, vipande viwili. Mkilikuta, mniletee."

Mchungaji akaomba radhi, akasema pardon, akaisema tena, na safari hii hakuongeza baraka. Akauliza kama viti thelathini vitakuwa vyepesi zaidi kuliko arobaini.

"Ndiyo," Iteka akamwambia. "Kwa kumi."